Trei ya Baa ya Wafumaji

Jumanne asubuhi Edith Hartley alikuwa akimnyoa baba yake ndevu, kama kawaida yake tangu baa yao ya kona, Baa ya Wafumaji kule mjini Oldham, ibomolewe na kuwa maegesho ya magari. Mzee Clem ndiye aliyekuwa mwenye baa wa mwisho. Wembe ulipofika kidevuni, mdomo wake ukavuja. Hayakuwa mate. Ilikuwa bia iliyochacha, ya uvuguvugu, na ndani yake unywele mweupe. Edith, jamani, akautupa wembe, akamwita daktari.

Daktari alipima, akakuna kichwa, akaenda zake. Ndipo Edith akamwita Bi Ivy Sugden, aliyekuwa mteja wao kwa miaka hamsini, ambaye hakushangaa hata kidogo. Akasimulia kwamba mwenye baa wa kwanza, Seth, alikutwa amekufa kwenye stoo ya chini ya nyumba, kichwa ndani ya pipa, na alikuwa humo wiki nzima. Mkewe akamtoa, akaendelea kuuza bia ile ile. Watu wakainywa. Tena wakaisifu! Tangu hapo, mwenye baa aliyemwaga mtaroni masalia ya kwenye trei, ile ya kukingia bia inayomwagika chini ya bomba, alizeeka salama. Aliyeyarudisha kwenye pipa kwa uchoyo, yalimrudia. Watatu walikufa maji vitandani mwao, shuka zikiwa kavu.

"Baba," Edith alinong'ona, "ulikuwa unayarudisha?"

"Kila siku, mwanangu. Mate ya watu, majivu ya sigara, yote."

Edith alitamani kumtukana. Lakini alikuwa baba yake, hana mwingine. Akamlaza ubavu, akakinga beseni, akimsihi asife. Likajaa. Akaleta la pili. Likajaa. Uvundo ukashika mapazia.

"Nilipovunjika mguu," mzee alikoroma, "nani alishika baa?"

Edith akaendelea kumfuta mdomo. Miezi mitatu aliishika yeye. Na alifanya vile vile alivyomwona baba yake akifanya.

Mzee akatulia. Shuka zilikuwa kavu.

Siku ya pili baada ya mazishi, Edith alifungua kabati la chini ya sinki kutafuta sabuni. Trei ya shaba ya baa yao ilikuwa humo. Ile ile aliyoiona kwa macho yake ikisagwa na tingatinga. Ilijaa bia pomoni. Bia yenyewe ilikuwa ya uvuguvugu.

Akajifuta mdomo. Kiganja kikalowa, na katikati yake ukalala unywele mweupe.