Safu ya Majina ya Mama

Hadithi hii alinipa Lalla Tamu, mpishi, tukichambua maharage barazani kwake kule Meknes, na kila alipofika penye damu alishusha sauti, mchana kweupe. Basi sogeeni.

Lalla Tamu alipikia ofisi moja ndogo ndani ya nyumba ya kizamani, yenye ua katikati na tundu la maji machafu pembeni ya ua. Watu wenyewe wachache: Drisi mlinzi wa mlangoni, Zuheri mtani, na Ghizlane, msichana mkimya mwenye akili kali. Zuheri na Ghizlane kazi yao kuandika programu. Mwezi ule Ghizlane alikuwa anatengeneza jedwali la kuwekwa pale pale kwenye kompyuta ambapo waandishi wa programu hufanyia kazi zao. La zamani lilikuwa la kutazama tu, kama picha ukutani. Yeye alitaka ukibofya mstari, mstari wote ugeuke bluu, kompyuta ijue umemchagua nani. Ukibofya kichwa cha safu, safu nzima ichaguliwe, juu hadi chini. Na ukichagua kimoja, vingine vyote viachiliwe.

Jedwali halijaribiwi likiwa tupu. Safu ya kwanza akaandika majina yao wanne. Ya pili akakosa cha kuweka, akawauliza majina ya mama zao.

Zuheri akacheka. "Sema tu unataka kuturoga, dada. Haya, andika, Zuheri wa Mahjuba. Ila ukiniroga, niroge ninenepe."

Kule, wajukuu zangu, mtu hatoi jina la mama yake ovyo. Jina lako na la mama yako yakikaa pamoja, wale wasioonekana wamekwisha kupata mlango wako. Lakini hao vijana wa kompyuta. Waliandika, na Drisi na Lalla Tamu wakatoa ya kwao bila kuambiwa ni ya nini.

Ijumaa Lalla Tamu kapika kuskus kama kawaida. Mgongo ukawa unamuuma, akasema, "Ghizlane, binti yangu, kanimwagie maji ya sufuria. Sema bismillahi kwanza, uwape nafasi walioko chini wapishe."

Ghizlane akaitika. Kichwani hana ila jedwali, maana alikuwa ameshaona pale palipomkwamisha wiki nzima. Akamwaga maji yote yanachemka kwenye lile tundu, bila neno, akakimbilia kiti chake. Nyuma yake kitu kikalia huko chini, sauti ndogo, kama kitoto cha paka. Alisikia. Akajiambia ni bomba.

Alipoketi, mstari mmoja ulikuwa wa bluu. Drisi wa Yamna. Na yeye hajagusa kitu.

"Zuheri, umechezea kompyuta yangu?"

"Mimi nakula."

Ikaja harufu ya nywele zilizoungua. Halafu mlangoni, puu. Halafu tena, puu. Walipotoka wakamkuta Drisi amebanwa uso kwenye mlango wa mbao, hakuna aliyemshika, kichwa kinavutwa nyuma na kugongwa, kinavutwa na kugongwa, taya imekaa upande, meno yametapakaa kizingitini. Ilipomwachia akaanguka kama gunia.

Lalla Tamu akamshika Ghizlane mkono, akamnong'oneza, "Uliitaja bismillahi?"

"Niliitaja."

"Niangalie. Kuna mtoto wao ameungua. Mama yake hamjui aliyefanya, atatupitia mmoja mmoja. Aliyefanya aseme, mwanangu."

"Nimekwambia niliitaja, Lalla."

Ndani, kwenye kioo cha kompyuta, mstari wa pili ukawaka. Zuheri wa Mahjuba. Zuheri alikuwa bado na kijiko mkononi. Akashikwa miguu, akainuliwa, akapigwa kwenye vigae vya ukuta, akashushwa, akapigwa tena, mbavu zikasikika zikikatika kama kuni kavu. Ghizlane akakimbilia kompyuta, akang'oa waya wa umeme, kioo kisizime, akafuta majina, majina yakarudi. Mstari wa tatu ukawaka, na Lalla Tamu, mama wa watu mwenye mgongo wake mbovu, akashikwa nywele na kuburutwa sakafuni mpaka kwenye tundu, uso ukasuguliwa kwenye wavu wake wa chuma mpaka ngozi ya shavu ikabaki pale, na Ghizlane bado ameziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe, anajiambia sasa nitasema, sasa hivi nitasema, na hasemi.

Ndipo kichwa cha safu ya pili kikabofywa. Safu nzima ikawa bluu, kutoka juu kwenda chini: Yamna, Mahjuba, Rkia, na wa mwisho Zhor, mama yake Ghizlane, aliyekuwa nyumbani kwake ng'ambo ya pili ya mji. Simu ya Ghizlane ikalia. Alikuwa jirani, ananong'ona kwa hofu: "Njoo, mama yako ananing'inia hewani jikoni, amekabwa, sioni anayemkaba."

Ghizlane akakishika kipanya. "Ni mimi," akasema. "Nilimwaga mimi, na nikadanganya." Akabofya mstari wa mwisho, jina lake mwenyewe.

Safu ya akina mama ikaachiliwa. Kwenye simu akasikia mtu ameanguka, halafu akasikia mama yake akikohoa. Na mkono wake uliokuwa juu ya kipanya ukaanza kuchemka, bila moto, bila maji. Ngozi ikatuna, ikapasuka, ikamenyeka kama nyanya iliyotiwa maji moto, kutoka vidoleni kupanda mpaka kiwiko, naye akilia kwa kuuma meno, asiuondoe, maana aliogopa akiuondoa atachaguliwa mwingine.

Ikakoma yenyewe. Fakihi akaletwa, akasoma juu ya tundu siku saba, akamwaga chumvi. Wote walipona, na makovu yao. Ghizlane alikatwa vidole vitatu.

Siku aliporudi kazini akalifungua jedwali. Aliacha mistari minne. Akakuta mitano. Wa tano, jina limeandikwa kwa herufi ambazo Zuheri wala fakihi hawakuweza kuzisoma. Na mbele yake, kwenye safu ya majina ya mama, pameandikwa Ghizlane.

Fakihi akatazama, akafunga kitabu chake. "Yule mama ameondoka," akasema. "Mtoto wake aliyeungua amekuachia wewe."

Hajaolewa mpaka leo. Akiwa katikati ya maneno na mtu, mstari ule wa tano hugeuka bluu, naye hunyanyuka, akapashe maziwa yawe vuguvugu tu.

Haya, vuteni shuka. Anayetaka maji na aseme sasa, nikishalala siamki. Laleni.