Siku Poni Alipokataa Kusema "Pita"

Kila Jumamosi asubuhi kuku wa Midia wanajua kuna safari. Majogoo wanakimbilia nyuma ya choo. Matetea wanaruka juu ya paa la jikoni. Haiwasaidii. Loro anawashika mmoja mmoja, mke wake Night Poni anawafunga miguu, na kabla ya saa moja kuku wote wako ndani ya gari.

Loro na Poni wanakaa Midia, karibu na Koboko. Wana watoto wanne. Mkubwa anaitwa Jenifer. Wanalima mihogo na simsim, yaani ufuta, na wananunua kuku kwa majirani. Kuku hao wanawapeleka Arua sokoni. Watu wa hoteli wanakuja mapema kuchagua wanene. Ukichelewa, unabaki na wateja wanaobonyeza kuku kama daktari, halafu wanaondoka.

Gari lao lilikuwa la kaka yake Loro, aliyefanya kazi Juba miaka mingi. Kule Sudan Kusini watu wanaendesha upande wa kulia wa barabara. Kwa hiyo usukani wa gari hilo uko kushoto. Sisi huku Uganda tunaendesha upande wa kushoto, na magari yetu mengi yana usukani kulia. Hivyo dereva anakaa karibu na katikati ya barabara. Akitaka kupita gari lililo mbele, anaweza kuona kinachokuja.

Loro alikaa upande wa majani. Akiwa nyuma ya lori, aliona nini? Aliona makalio ya lori. Basi.

Lakini mwanamume hakosi akili ya kumpa mke wake kazi. Poni alikaa kiti cha kulia. Loro akitaka kupita, Poni alichungulia.

"Mama Jenifer, gari iko?"

"Iko."

"Sasa?"

"Iko ingine. Ngoja."

"Sasa?"

"Hakuna. Pita!"

Na Loro alipita. Nyumbani alijisifu kwa jirani yao Yakani. "Mimi niko na macho manne," alisema. "Mawili yangu, mawili ya mke wangu."

Yakani alicheka. Poni pia alicheka, kwa sababu wageni walikuwepo. Lakini kila Ijumaa jioni aliwaza safari ya kesho. Hakumaliza chakula. Poni hakuwahi kushika usukani maishani. Hata baiskeli hakujua. Alisoma mpaka darasa la tano, na huko hawakufundisha mambo ya malori. Sasa alikuwa na neno moja mdomoni, na neno hilo lilibeba watu wawili. Akikosea mara moja tu, watoto wanne watabaki bila baba na bila mama.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Kuku?

Jumamosi moja walikuwa wamekaribia Arua, upande wa Dadamu. Mbele yao kulikuwa na lori la mbao. Lilienda polepole. Loro alilifuata karibu sana, mpaka moshi wake ukaingia ndani ya gari na kuku wakakohoa.

"Watu wa hoteli wanaondoka," alisema Loro. "Gari iko?"

"Iko."

"Sasa?"

"Ngoja, Baba Jenifer."

"Kila siku ngoja, ngoja! Sasa je?"

Poni alitoa kichwa dirishani. Aliona pikap nyeupe, ndogo kama kibiriti.

"Iko moja. Lakini iko mbali."

"Mbali namna gani?"

"Mbali tu."

"Nipite ama nisipite?"

Poni alichungulia tena. "Pita."

Loro alitoka. Gari lao lilikuwa zee na lilikuwa limebeba mzigo, kwa hiyo halikukimbia kama alivyotaka. Walipofika katikati ya lori, ile pikap haikuwa kibiriti tena. Ilikuwa nyumba. Ilikuja na taa na honi. Poni alipiga kelele. Dereva wa lori akashika breki kwa nguvu. Loro akakata kushoto mbele ya lori, akatoka kwenye lami, akaingia katika shamba la mihogo. Gari likasimama. Mlango wa nyuma ukafunguka, na kuku kumi wakadondoka chini.

Pikap ilipita. Dereva wa lori alipunguza mwendo, akawaambia maneno. Siwezi kuyaandika hapa, kwa sababu kitabu hiki kinasomwa na watu wa kanisa na watu wa msikiti. Halafu akaenda zake.

Hakuna aliyeumia. Loro alizima gari. Mtu akiogopa sana, wakati mwingine anatafuta wa kumlaumu, na wa karibu ndiye anayepatikana.

"Wewe si ulisema pita?" alimwambia mke wake.

"Uliniuliza mara nne!"

"Ungesema hapana!"

"Nilisema ngoja, ukanigombeza!"

Poni alifungua mlango, akashuka. Alikaa chini kati ya mihogo, akalia. Halafu akasema polepole, "Sitasema tena. Leo sisemi, na Jumamosi ingine sisemi. Sitaki watoto waambiwe kwamba mama yao ndiye alisema pita."

Loro alishuka pia.

Katikati ya mihogo alisimama mwanamke mmoja mnene, na jembe begani. Shamba lilikuwa lake. Aliangalia gari, akaangalia kuku, akaangalia mihogo yake iliyolala.

"Karibuni," alisema. "Mmekuja kunisaidia kuvuna? Mihogo hii bado miezi mitatu."

"Mama, utusamehe," alisema Loro. "Tutalipa."

"Mihogo inaota tena. Nyinyi hamwoti." Alimpa Poni mkono, akamwinua. "Mimi naitwa Candiru. Naendesha ambulansi ya hospitali hapa Arua, mwaka wa kumi na moja huu. Watu wa kuovateki, wa kupita wenzao vibaya, wengi nimewabeba mimi. Wengine walikuwa wanaongea. Wengine hapana. Sasa niambieni. Nani alisema pita?"

"Ni mimi," alisema Poni.

"Na nani alishika usukani?"

Loro aliinua kidole, kama mtoto wa shule.

"Haya. Kuku kwanza, halafu tuongee."

Walikamata kuku, na Poni akamsimulia Candiru mambo yote: Jenifer, watu wa hoteli, na maswali ya Loro. Kuku mmoja, ambaye kamba yake ilikatika, alikataa kabisa, na labda mpaka leo yuko Dadamu. Kisha Candiru aliwapeleka kando ya barabara, mbali kidogo na lami.

"Mama Jenifer, angalia kule. Gari likitokea, uniambie liko mbali ama karibu."

Gari jekundu lilitokea. "Liko mbali," alisema Poni.

"Ungesema pita?"

Poni alisitasita. "Ningesema."

"Hesabu, pole pole."

"Moja. Mbili. Tatu..." Alipofika nane, gari jekundu lilipita mbele yao, vuu! Kitambaa chake kikapepea.

"Nane," alisema Candiru. "Na hapo umesimama. Ukiwa ndani ya gari, wewe pia unakimbia kulielekea. Mnakutana katikati. Hiyo nane inabaki nne. Baba Jenifer, gari lako na kuku wake wote, linapita lori kwa hesabu ngapi?"

Loro alifikiri. "Kumi. Labda kumi na mbili."

"Una nne. Unataka kumi na mbili. Hizo nane zingine utakopa kwa nani?"

Loro alihesabu kwa vidole.

"Macho ya mke wako ni mazuri," Candiru aliendelea. "Lakini gari linalokuja mbele linadanganya kila mtu. Likiwa mbali, linaonekana kama limesimama. Halafu ghafla liko juu yako. Dereva mwenyewe anadanganywa. Mtu ambaye hajawahi kuendesha, utamwulizaje?"

Vijana wa jirani walisukuma gari mpaka kwenye lami. Candiru alipeleka jembe nyumbani, akarudi na gauni la kazi.

"Nina zamu hospitali," alisema. "Naendesha mimi. Mama Jenifer, kaa nyuma, upumzike na kuku. Baba Jenifer, kaa kulia. Leo wewe ndiye mke."

Loro alicheka kidogo, akakaa. Muda si mrefu walikuta basi mbele yao. Candiru alilisogelea kidogo.

"Gari iko?" aliuliza.

Loro alichungulia. "Iko."

"Sasa?"

"Hakuna. Ah, ngoja! Iko boda boda."

"Sasa? Haraka, watu wa hoteli wanaondoka!"

"Mama, usinisumbue!"

Kule nyuma mtu alikohoa. Hakuwa kuku.

"Nipite ama nisipite?" aliuliza Candiru.

Loro alifungua mdomo. Barabara ilikuwa tupu mpaka kwenye kona. Lakini baada ya kona kuna nini? Na basi hili ni refu namna gani? Na kama akikosea? Nyuma yake alikaa mama wa watoto wake.

"Sijui," alisema.

"Umejibu vizuri. Mtu akisema sijui, gari halipiti." Candiru aliondoa mguu kwenye mafuta. Hakuwa na nia ya kupita hata kidogo. Basi likaenda mbele kiasi, na nafasi ikabaki katikati. "Sasa angalia. Tulipokuwa karibu, mliona nini?"

"Basi tu," alisema Loro.

"Na sasa?"

"Naona barabara pande zote mbili."

"Ndiyo. Ukigandana na lori, umejifunga macho mwenyewe. Kaa mbali. Na kama wewe dereva huoni mbele kwa macho yako, usipite. Usimwulize mke, usimwulize konda. Usifuate mtu aliyepita mbele yako. Yeye aliona nafasi yake, hakuona yako. Kwenye kona usipite. Kwenye kilima usipite, kwa sababu huoni upande wa pili. Darajani, sokoni, penye shule, penye njia panda, usipite. Ukiona mstari mzima, usiokatika, katikati ya lami, usiuvuke."

"Mama, sasa tutapita wapi?" aliuliza Loro.

"Mahali pachache. Ndiyo maana makaburi ni mengi."

Baadaye basi lilitoka barabarani kushusha watu. Mbele yake kulikuwa na trekta iliyotambaa. Barabara ilinyooka, tambarare, na Candiru aliona mbele kabisa mwenyewe.

"Hii tunaweza," alisema. "Naangalia kioo kwanza, labda mtu nyuma ananipita mimi. Hakuna. Nawasha indiketa ya kulia. Naangalia mbele tena. Tupu, mpaka kule kwenye miti. Natoka, napita bila kuchezacheza. Siingii mbele yake mpaka nimeiona yote kwenye kioo. Nawasha ya kushoto, narudi." Trekta ilibaki nyuma. "Na mtu akikupita wewe, usikimbie naye. Punguza, umwachie nafasi. Huyo hajakutukana. Anapita tu."

Walipofika Arua, Candiru alishuka karibu na hospitali. Alimwambia Loro neno la mwisho. "Gari hili liliundwa kwa barabara za upande wa pili. Siku moja mpate lenye usukani kulia. Mpaka siku hiyo, lori likiziba macho yako, lifuate polepole, kama msafara wa bibi harusi."

Watu wa hoteli walikuwa wameondoka. Loro na Poni waliuza kuku polepole mpaka saa nane, kwa wale wateja wa kubonyeza. Jua lilikuwa kali. Loro alinunua maji chupa moja, akampa mke wake anywe kwanza.

"Ile kazi ilikuwa yangu," alisema.

"Nilijua," alisema Poni.

Tangu siku hiyo wanaamka mapema zaidi. Kuku wanapakiwa saa kumi na mbili. Loro anakaa mbali na malori. Mara nyingi hapiti hata gari moja kutoka Koboko mpaka Arua. Hamwulizi mtu kitu. Poni anakula chakula chake cha Ijumaa chote, na wakati mwingine anaongeza cha Loro.

Jumamosi ya tatu walifuata lori la matofali kwenye kilima, upande wa Maracha. Teksi moja nyuma yao ilipiga honi, ikapiga tena. Loro alishika kushoto vizuri, akapunguza, akaiacha ipite. Teksi ikampita yeye, ikalipita na lori, pale pale kwenye kilima. Mungu alikuwa na kazi nyingi asubuhi ile, lakini alipata nafasi ya teksi hiyo. Ikapotea mbele.

Walipoingia Arua, boda boda zilikuwa zimejaa barabarani kama siafu. Magari yalisimama. Na pale mbele, magari mawili tu mbele yao, ilisimama teksi ile ile. Dereva alikuwa anapiga honi kwa boda boda, na boda boda hazikumsikia.

"Mama Jenifer, angalia!" alisema Loro.

Poni hakujibu. Kitambaa kilikuwa kimeteleza mpaka sikioni. Mdomo ulikuwa wazi. Alikuwa amelala fofofo. Miaka miwili walikuwa wamesafiri katika barabara ile, na hakuwahi kufumba jicho hata mara moja.

Loro hakumwamsha. Aliendesha taratibu, akikwepa mashimo, mpaka sokoni. Aliposimama, Poni alishtuka, akarekebisha kitambaa.

"Sikulala," alisema.

"Hapana," alisema Loro. "Ni kuku ndio walikuwa wanakoroma."