Meseji Iliyokwenda kwa Mama Mkwe

— Dada, umewahi kutumia sindano za kuzuia mimba?

Daktari aliuliza huku akiangalia picha ya kichwa. Kabla mgonjwa, fundi cherehani, hajafungua mdomo, mumewe, kinyozi mwenye maneno mengi, akadakia:

— Sindano za nini, daktari? Sisi mtoto tunamtafuta mwaka wa sita huu!

Jamani, mke angesema nini?

— Nauliza kwa sababu uvimbe huu wa kichwani si saratani, ila unabana mshipa wa macho. Homoni za sindano zile zinaweza kuukuza. Ukiziacha, huenda ukasinyaa. Kama hutumii, itabidi tupasue haraka, na macho siwezi kuwaahidi. Kaeni nje kidogo, mzungumze.

Kwenye benchi la korido mke aliketi kando ya mumewe. Siku hizi hata kutunga uzi kwenye sindano ya cherehani kulimshinda. Na kumwambia mume uso kwa uso? Thubutu! Akatoa simu, akaandika kwa kubahatisha, herufi zikimchezea machoni:

"Mume wangu, nachoma sindano kwa siri tangu tuoane. Dada yangu alifia leba nikimwona. Naogopa kufa. Nisamehe."

Akatuma, akafumba macho. Simu ya mume ikalia, naye akapokea. Sauti ya mama yake ikajaa korido nzima:

— Mwanangu! Mkeo kanitumia meseji gani hii? Mimi nakesha naomba mjukuu, kumbe mwenzangu anachoma sindano! Mrudishe kwao leo hii!

Mke akaelewa: jina alilobonyeza hakuliona vizuri.

— Ni kweli? mume akauliza.

— Kweli. Niache tu, sina cha kujitetea.

Mume akainuka. Mke akasikia viatu vyake vikienda, akajua ndoa ndiyo hiyo imekwisha. Alilia bila kujali watu. Mara akasikia mlango wa daktari ukigongwa.

— Daktari, nilikudanganya. Mke wangu anachoma hizo sindano. Asichomwe tena hata moja.

Mama bado alikuwa anafoka kwenye simu.

— Mama, nitakupigia baadaye.

Akarudi, akachuchumaa mbele ya mkewe. Macho yake yalikuwa mekundu.

— Umeniumiza sana. Tukifika nyumbani tutagombana, tena si mchezo.

— Gombana nami hapa hapa, halafu uniache.

— Sikuachi. Upone kwanza. Nataka tugombane ukiwa unaniona.