Ngongoti Aliyekataa Kuelewa

"Bado sijaelewa," Ngongoti alisema, akijikuna kichwa.

Uongo mtupu! Alikuwa ameelewa tangu wiki iliyopita.

Msichana aliyeketi mbele yake hakukasirika. Wanafunzi wa uhandisi walimwita Profesa ingawa alikuwa mwaka wa tatu tu. Alichukua rula, akailaza juu ya vifutio viwili.

"Tuanze upya. Rula ndiyo boriti. Bonyeza hapa katikati. Nani anabeba mzigo wako?"

"Vifutio. Nusu kwa nusu."

"Vizuri! Sogeza kidole kushoto. Kifutio kipi kinaelemewa zaidi?"

"Cha... kulia?"

Profesa alishusha pumzi, akatabasamu, akatafuta njia nyingine. Jamani, subira ile! Hakuwahi kumnyang'anya mtu kalamu amwandikie jibu. Aliuliza, akangoja, akauliza tena, mpaka mtu anajiona ndiye aliyegundua uhandisi. Ngongoti, kijana mrefu asiye na nyama, alifika katika kituo cha kusaidiana masomo chuoni akiwa amefeli somo la boriti na dada yake ameshamwambia arudi nyumbani auze dukani. Profesa ndiye aliyemfufua. Shida ni kwamba aliyeelewa huondolewa kituoni, nafasi yake akapewa mwingine. Basi mwenzetu akaona afadhali awe mjinga karibu na Profesa kuliko mwerevu mbali naye.

"Njia ya mwongo ni fupi," mwenzake wa chumbani alimwonya. "Mwambie unampenda, yaishe."

"Akinikataa?"

"Utakuwa umekataliwa, lakini una akili zako. Sasa hivi hujakubaliwa, na akili umezificha!"

Ngongoti alicheka. Kicheko kikamkauka ujumbe wa Profesa ulipoingia kwenye simu.

"Samahani sana. Kesho asubuhi namwambia mhadhiri najitoa kufundisha. Kama nimeshindwa kukusaidia wewe unayejitahidi hivi, kazi hii siiwezi. Nimekutafutia mtu mwingine."

Alimpigia simu papo hapo.

"Profesa, usijitoe!"

"Usinifariji." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia. "Nimejaribu rula, nimejaribu kamba, nimejaribu mpaka mwiko wa jikoni. Tatizo ni mimi."

"Si wewe, ni..."

"Tangu utotoni nilitaka kuwa mwalimu, unajua? Afadhali nimejijua mapema."

Simu ikakatwa. Ngongoti alipiga tena na tena, haikupokelewa. Akajiona mtu wa hovyo kabisa. Akinyamaza, Profesa angeacha kitu alichokipenda kuliko vyote. Akisema ukweli, huenda asimtazame tena maishani.

Asubuhi alikimbia hadi ofisi ya mhadhiri, akaingia moja kwa moja. Profesa alikuwa amesimama mbele ya meza, macho mekundu.

"Kijana, hodi huijui?" mhadhiri aliuliza, miwani ikimteleza puani.

"Nisamehe, mama. Naomba ubao wako kidogo tu."

Hakungoja jibu. Alichora boriti, akaipa mizigo mitatu mizito, akaanza kupiga hesabu akijiuliza maswali na kuyajibu kwa sauti, vilevile alivyofundishwa. Jibu likatoka safi. Mhadhiri alisogea karibu, akalikagua.

"Nani amekufundisha hivi?"

"Yeye. Nimeelewa siku nyingi, mama. Nilijifanya mjinga kwa sababu nampenda, nikaogopa kuondolewa kwake."

Mhadhiri akavua miwani.

"Nimefundisha boriti nusu ya maisha yangu, sijapata mwanafunzi wa kukataa kuelewa kwa ajili yangu." Akamgeukia Profesa. "Binti yangu, habari ya kujitoa sijaisikia. Haya, nendeni mkagombane nje."

Na kweli, mlango haujafungwa vizuri Profesa akawaka.

"Nimelia kwa ajili yako! Nimejiona sifai! Na kuna mtu anangoja nafasi uliyoikalia, naye anafeli!"

"Sina cha kujitetea. Nilijifikiria mwenyewe tu. Nisamehe."

Profesa alijifuta macho.

"Kule ubaoni ulianzia upande wa kulia. Sikukufundisha hivyo."

"Niliona inafupisha kazi. Nikaificha."

"Ni nzuri," alisema taratibu. "Nzuri kuliko yangu, mshenzi wewe." Kisha akakaza uso. "Kuanzia leo wewe si mwanafunzi wangu. Nakufuta."

Ngongoti alikubali kwa kichwa.

"Ni haki yako."

"Hata huulizi kwa nini?"

"Nimekudanganya."

"Kwa hilo bado nina hasira, na utaipata yote, usiwe na wasiwasi. Nakufuta kwa sababu kituo hakiruhusu anayefundisha kuwa na uhusiano na anayemfundisha. Nami nimechoka kuwa mwalimu wako tu."

Ngongoti alifungua mdomo, akaufunga, akaegemea ukuta.

"Sema kitu basi!"

"Nakupenda."

"Najua," Profesa alisema, akamshika mkono. "Umemwambia mhadhiri kabla ya kuniambia mimi."