Maktaba ya Tatu

"Sindano, una dakika arobaini. Kontena likipita kwenye skana, tumekwisha."

Mkuu wa kitengo chao cha upelelezi akakata simu.

Sindano akapiga komeo mlango wa ofisi ya kupanga, akaiweka bastola yake ya Glock kando ya laptopu. Wauza silaha walikuwa wameichezea kompaila ya bandari, ile programu inayojenga programu nyingine zote. Skana iliyojengwa nayo ilifumba macho bunduki zikipita. Dawa ilikuwa moja: kujenga kompaila safi kutoka kwenye msimbo wake, kisha kuijenga upya skana.

Akabonyeza.

Mashine ikagoma. Maktaba tatu za hesabu, vifurushi vya msimbo ambavyo kompaila haijengeki bila hivyo, hazipo.

"Jamani, leo hii?"

Kazi hii ilikuwa ya mumewe, fundi wa kitengo. Enzi za uchumba alimwandikia daftari kwa mkono: maktaba ipi itangulie, na namba ya kuitambua kila moja, inayobadilika msimbo ukichezewa. "Usijenge kabla hujalinganisha, mpenzi," alimtania. "Hata kama nimekupa mimi." Daftari hilo lilikaa mkobani siku zote; sasa akalitoa.

Akazivuta maktaba kutoka ghala la kitengo mtandaoni. Ya kwanza, namba sawa. Ikajengwa. Ya pili, sawa.

Ya tatu ilikuwa na namba nyingine kabisa.

Akalinganisha tena, kidole kikifuata mwandiko anaoupenda. Nani kaibadilisha? Akafungua kumbukumbu za ghala.

Mumewe. Leo, saa moja na robo asubuhi. Saa hiyo Sindano alikuwa bafuni akiimba, na mumewe yuko mezani anamsubiri wanywe chai.

Akalia kwa sauti. Miaka sita, ee Mungu! Kisha akajifuta kwa mkono wa koti, maana saa haikumsubiri.

Ndani ya jalada la daftari kulikuwa na flashi ya zamani, nakala za siku zile. Akaichomeka. Namba zikafanana mpaka ya mwisho. Maktaba ya tatu ikajengwa, na kompaila ikaanza kujijenga.

Simu ikaita.

"Vipi, mke wangu, imekubali?"

"Imekubali."

"Umetumia ya ghalani?"

"Nitumie ipi tena?"

Akamsikia akishusha pumzi. "Njoo basi tupumzike. Niko pale mgahawani petu."

"Usiondoke, mume wangu. Nakuja."

Akamtumia Mkuu anwani.

Dakika ya thelathini na nane, skana mpya ikawaka. Bunduki zote zikaonekana, na kontena likazingirwa na askari.

Mkuu akapiga. "Tumempata. Hakukimbia. Alikuwa ameagiza chai mbili, ya kwako kaifunika kwa kisahani isipoe."

Sindano akalifunga daftari.

"Sindano?"

"Nimekusikia, Mkuu."

Akatia bastola mkobani, kisha daftari. Akashuka ngazi bila haraka.

"Dada, leo umewahi kutoka!" mlinzi wa mlangoni akamchokoza. "Shemeji ana bahati."

"Sana," akasema, akavuka barabara.