Kijibao Kilichomwita Mama

Sogea karibu. Tega sikio.

Tara-tara-tara! Unasikia? Hiyo ni cherehani ya Mama Mwasiti.

Mama Mwasiti anashona barazani, nyumbani kwao Korogwe. Anashona magauni. Anashona mashati. Leo anashona sketi ya bluu.

Sketi ya nani? Ya Mwasiti! Jumatatu Mwasiti anaanza shule.

Mama Mwasiti ni kiziwi. Haisikii cherehani yake. Haisikii mvua. Lakini mvua ikikaribia, yeye ndiye wa kwanza kuanua nguo. Anainusa!

Mama huzungumza kwa mikono. Mikono yake ina maneno mengi. Ina utani mwingi pia.

"Wewe mwenye uji puani, njoo hapa," husema ile mikono.

Mwasiti akimtaka Mama, hamwiti. Amwite ili iweje? Humfuata barazani, akamgusa bega. Ndipo Mama hugeuka.

Chumbani, karibu na dirisha, amelala Shukuru. Ni mdogo wake Mwasiti. Hajui kutembea. Hana hata jino moja. Lakini kulia? Kwa kulia hana mpinzani.

"Ngaaa! Ngaaa! Ngaaa!"

Mwasiti husikia. Mwasiti hukimbia, puku-puku-puku, mpaka barazani. Humgusa Mama bega. Mama huacha cherehani, huenda kumbeba Shukuru.

"Mama hasikii. Mimi nasikia." Mwasiti hujiambia hivyo, na hujiona mkubwa kweli.

Sketi ikaisha. Mama akakata uzi, kwacha! Mwasiti akaivaa. Akazunguka. Akazunguka tena. Halafu akasimama.

"Mama," akauliza kwa mikono, "nikiwa shule, nani atamsikia Shukuru?"

"Nitakuwa naenda kumchungulia," ikajibu mikono ya Mama.

"Na akilia kabla hujaenda?"



Mwasiti akaivua sketi. Akaikunja. Akaiweka mezani.

"Basi siendi shule," akasema kwa mikono.

"Utaenda!" ikasema mikono ya Mama. "Hata kama nitakubeba mgongoni, utaenda!"

Mwasiti hakucheka. Alimwona Mama akitazama mlango wa chumbani. Mama naye alikuwa na wasiwasi.

Mama hasikii. Mimi nasikia. Na mimi nikiondoka?

Jumamosi akaja Shangazi Saumu. Ni dada yake Baba, na ni fundi redio sokoni. Mfuko wake haukosi waya.

"Mbona umenuna hivyo, mwanangu?" akauliza.

Mwasiti akamweleza yote, kuanzia sketi mpaka Shukuru.

Shangazi akaingiza mkono mfukoni. Akapekua, kacha-kacha-kacha. Akatoa kitu kidogo. Kidogo kama biskuti! Kilikuwa cha kijani, na pembeni kilikuwa na vijino vinavyong'aa.

"Sisi mafundi tunaiita bodi," akasema Shangazi.

Mwasiti akakiita Kijibao.

"Kinafanya nini, Shangazi?"

"Kinafanya unachokiagiza."

"Mimi?"

"Wewe."

Shangazi akafungua kompyuta yake. Akachomeka waya kwenye Kijibao. Akachomeka na taa ndogo.

"Haya, tukiambie nini?"

"Washa taa," akanong'ona Mwasiti.

Shangazi akaandika maagizo. Taa ikawaka!

"Kiambie kizime!"

Taa ikazima. Waka, zima. Waka, zima.

Mwasiti akaziba mdomo kwa mikono miwili. Kidogo kama biskuti, na kinaelewa!

"Shangazi, kina masikio?"

"Bado. Tutakipa."

Shangazi akatoa kitu cha duara, kadiri ya kifungo cha shati. Hilo ndilo sikio. Akaliunga kwenye Kijibao.

"Sasa tunakiambia: ukisikia sauti kubwa, washa taa."

Mwasiti akapiga makofi. Pa! Taa ikawaka. Akanyamaza. Taa ikazima.

Mwasiti akakitazama Kijibao kwa muda mrefu. Hakina pua. Hakina macho. Na kimemsikia! Mwili ukamsisimka.

"Kiwekwe wapi?" akauliza Shangazi.

"Alipo Mama!" akasema Mwasiti.

Wakakiweka mezani, kando ya cherehani. Mama akakanyaga cherehani.

Tara-tara-tara! Taa ikawaka. Tara-tara-tara! Taa ikakataa kuzima.

Mama akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Wifi yangu," ikasema mikono yake, "hiki kinataka niinyonyeshe cherehani!"

Shangazi naye akacheka. Mwasiti akafikiri.

"Sikio liwe kwa Shukuru," akasema. "Taa ndiyo iwe kwa Mama."

"Ee! Umeona mbele kuliko mimi!" akasema Shangazi.

Wakakiweka Kijibao dirishani, juu ya kitanda cha Shukuru. Wakavuta waya mrefu mpaka barazani. Taa wakaiweka mbele ya macho ya Mama.

Wakangoja. Shukuru amelala. Taa imelala.

Ghafla, taa ikawaka! Mama akakimbia chumbani. Shangazi akakimbia. Mwasiti akakimbia.

Shukuru alikuwa anakoroma kidogo. Dirishani alisimama jogoo wa jirani.

"Kokorikoo!"

"Wewe!" akasema Mwasiti. "Hatukukuita wewe!"

Jogoo akaruka, akaenda zake. Lakini Mwasiti hakufurahi. Jogoo hatakoma kuwika. Mama atakimbia kila mara. Mwisho atachoka, na taa hataijali tena.

Mwasiti akakaa sakafuni. Akafikiri, akafikiri.

"Shangazi! Jogoo anawika, halafu ananyamaza."

"Ndiyo."

"Shukuru hanyamazi!"

Shangazi akamtazama. Akafungua kompyuta upesi.

"Basi tukiambie nini, fundi wangu?"

Mwasiti akakisogelea Kijibao. Akasema polepole, kama anayemfundisha mtoto mdogo.

"Ukisikia sauti, subiri kidogo. Ikinyamaza, ni jogoo. Isiponyamaza, washa taa. Ni Shukuru."

Shangazi akaandika. Wakangoja tena.

"Kokorikoo!" Taa ikanyamaza kimya.

Mlango ukajibamiza, bwa! Taa ikanyamaza kimya.

"Ngaaa! Ngaaa! Ngaaa!"

Taa ikawaka!

Mama akainuka. Akaenda chumbani. Akarudi na Shukuru begani. Hakuna aliyemgusa bega. Hakuna aliyekimbia kumwambia.

Akaitazama taa. Akautazama ule waya. Akamtazama Mwasiti.

"Kinasikia," ikasema mikono ya Mama, polepole sana. "Nami naona."

Jumatatu ikafika. Mwasiti akavaa sketi ya bluu. Kabla ya kuondoka akaenda dirishani.

"Kijibao," akasema, "Mama hasikii. Wewe sikia."

Akaenda shule. Akaimba. Akachora. Mara akasikia mtoto analia nje ya darasa. Akasimama ghafla! Halafu akakumbuka, akakaa. Akaendelea kuchora.

Kengele ikalia. Mwasiti akashika njia ya nyumbani. Akapitia nyuma ya nyumba. Pale palikuwa na dirisha la chumbani. Dirishani, Kijibao.

Mwasiti akasimama. Moyo ukamdunda, du-du-du. Jambo hili hakuwahi kulifanya maisha yake yote.

Akavuta pumzi. Akaita.

"Maaaaaaaama!"



Kule barazani akasikia cherehani. Tara-tara... Ikasimama.

Akasikia ndara za Mama. Chwa, chwa, chwa. Zinakuja!

Mama akaingia chumbani. Akamtazama Shukuru. Shukuru alikuwa macho, ananyonya kidole, wala halii. Mama akashangaa. Akainua uso.

Dirishani alimwona Mwasiti.

Mikono ya Mama ikapanda taratibu.

"Umeniita?"

Mwasiti akatikisa kichwa kukubali.

"Nimekuita," akasema kwa mikono.

"Nimekuja," akasema Mama.

Akanyoosha mikono yote miwili dirishani. Akambeba Mwasiti juu, na sketi yake mpya, na mkoba wake, akamwingiza ndani. Akamkumbatia. Mama alikuwa anacheka, na mashavu yake yalikuwa yamelowa.

Siku ile Mwasiti alimwita Mama kwa ajili ya maji. Akamwita aone mjusi. Akamwita kwa ajili ya mjusi yuleyule. Kila mara Mama alikuja.

"Ukiniita tena kwa mjusi," ikasema mikono ya Mama, "utaosha masufuria yote!"

Usiku ukaingia. Shukuru akalala. Mwasiti akajilaza kwenye kitanda chake, kando ya Shukuru. Kila usiku hulala sikio moja likiwa wazi. Leo?

Leo akaita mara moja tu, kwa sauti ndogo lakini ndefu.

"Maaaaaama..."

Barazani taa ikawaka. Chwa, chwa, chwa. Mama akaja.

"Umeniita?"

"Nilitaka tu uje."

Mama akamfunika shuka mpaka kidevuni. Akambusu paji la uso. Kisha akageukia dirisha, akakigusa Kijibao kwa ncha ya kidole.

"Asante, biskuti," ikasema mikono yake.

Mwasiti akacheka. Akapiga miayo.

Mama anaona. Kijibao kinasikia.

Na Mwasiti? Mwasiti amelala fofofo, masikio yote mawili.