Ukurasa Alioukunja Ildefons

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ildefons alichota maji, akampelekea mbuzi maganda ya ndizi, kisha akapita katikati ya kibanja chao cha Kashozi kuelekea barabarani. Zamani aliipenda sana njia hiyo. Migomba ilifungana juu kama paa, na mibuni iliyokuwa chini yake ilibaki na umande mpaka saa nne. Siku hizi alipita akitazama miguu yake. Migomba mitatu karibu na zizi ilikuwa na majani ya njano yaliyolegea, na mkungu mmoja ulikuwa umeiva kabla haujajaa.

“Taata, na mgomba wa nne umeanza,” alimwambia baba yake Jumatatu moja.

Mzee Rutaihwa alikuwa akipunguza majani kwa panga. Alitoka kwenye mgomba mgonjwa akaenda kwenye mzima, panga lile lile mkononi. “Ni jua tu,” alisema bila kugeuka. “Mvua ikinyesha utasimama. Nenda shule.”

Ildefons alikuwa darasa la sita. Ndani ya begi lake mlikuwa na kitabu kinene kuliko tofali, kiitwacho *Mlinzi wa Mti wa Mwisho*. Kilikuwa kimekuja shuleni ndani ya sanduku la vitabu kutoka Bukoba mjini, na hakuna kitu alichokipenda zaidi. Ndani yake kulikuwa na ndege wanaobeba mito mdomoni, na jitu linalokula vivuli vya watu. Kulikuwa pia na Tumari, msichana anayevuka nchi saba kuulinda mti mmoja uliobaki baada ya misitu yote kunyauka.

Siku hiyo Mwalimu Gaudiosa aliingia darasani na habari mbaya.

“Sanduku letu linahamishiwa shule moja ya Muleba,” alisema. “Vitabu vinene havisomwi, vinakusanya vumbi. Nimeomba wiki tatu. Kitabu ambacho angalau wanafunzi wawili watakuwa wamekisoma hadi mwisho kitabaki hapa. Vingine vitaondoka.”

Ildefons aliona kiza. Kitabu chake kilikuwa na msomaji mmoja tu, yeye mwenyewe. Alisimama, akachukua rula ndefu ya mwalimu na kuishika kama mkuki, akaanza kujisifu kama wanaume wa Kihaya wanavyokwebuga harusini:

“Mimi Ildefons wa Rutaihwa, sikukimbia!
Kurasa mia sita na arobaini zilinikabili, sikukimbia!
Jitu la vivuli lilinifungulia kinywa, sikukimbia!
Nimekimaliza mara mbili. Nani wenu atathubutu?”

Darasa lilicheka hadi madawati yakatikisika.

“Kitabu hicho ukimwangushia kuku, umepata kitoweo,” alisema Evodia, msichana aliyekaa dirishani.

“Mnacheka kwa sababu hamwezi kusoma!” Ildefons alifoka. “Vichwa vyenu vimejaa senene tu!”

“Afadhali senene, wanalika,” Evodia alijibu, na kicheko kikaanza upya.

Hata hivyo alikichukua. Baada ya siku mbili alikirudisha. Alikuwa amefika ukurasa wa tisa. “Umeniita mjinga kabla sijafungua,” alisema. “Kila nikisoma nakusikia ukifoka.”

Wengine walikataa, akabaki Josia wa darasa hilo hilo. Josia alikuwa msomaji wa polepole, anayefuata maneno kwa kidole. Alikuwa amehamia kwa shangazi yake hapo Kashozi mwaka uliotangulia, akitokea Kanazi. Hakupenda kueleza kwa nini, lakini wote walijua. Kibanja cha kwao kilimalizwa na unyanjano, ule ugonjwa unaoinyausha migomba. Baba yake alikwenda Mwanza kutafuta kazi, na familia ikagawanyika.

“Nikuulize kitu,” Josia alimwambia Ildefons wakati wa mapumziko. “Mwishoni misitu inarudi?”

“Yote!” alisema Ildefons. “Mti wa Mwisho unapona, na nchi nzima inakuwa kijani.”

“Kweli?”

“Nimekwambia nimekimaliza mara mbili.”

Josia alikipokea kitabu. “Basi nitasoma,” alisema. “Kama inarudi, nitasoma.”

Ildefons alipaswa kufurahi. Lakini alikuwa amesema uongo. Hakuwahi kukimaliza kitabu kile hata mara moja. Alifika ukurasa wa mia tatu themanini na nane, mahali ambapo Tumari anaamka na kukuta jani moja la Mti wa Mwisho limegeuka njano. Alisoma mstari huo siku ile ile alipoona jani la kwanza la njano kibanjani kwao. Aliikunja pembe ya ukurasa, akafunga kitabu. Tangu hapo, kila alipotaka kusoma alirudi mwanzoni, kwenye ndege na mito.

Wiki mbili zikapita. Mvua ilinyesha, lakini mgomba wa nne haukusimama. Migomba migonjwa ikawa saba, kisha kumi na mmoja. Jirani alipopita na kusema, “Rutaihwa, ita bwana shamba,” Mzee Rutaihwa alimjibu, “Tunza chako.” Alianza kula kidogo. Jioni alikaa mlangoni, akikitazama kibanja alichoachiwa na baba yake, na hakuna mtu aliyethubutu kumsemesha.

Alhamisi ya wiki ya tatu, Josia alimngoja Ildefons nje ya lango la shule. Macho yake yalikuwa mekundu.

“Unakufa,” alisema.

“Nini?”

“Mti. Ukurasa wa mia tatu tisini na mbili. Tumari anaukata kwa mkono wake mwenyewe. Nikasema labda ni ujanja, utafufuka. Nimesoma hadi neno la mwisho, Ildefons. Kwa kidole changu hiki. Haufufuki.”

Ildefons alikitazama kitabu mkononi mwa Josia.

“Pembe ya ukurasa imekunjwa pale kabla ya mti kufa,” Josia aliendelea. “Wewe ndiye uliyeikunja. Uliishia pale. Uliniambia inarudi, na unajua kwetu kulivyokuwa! Unajua!”

Wanafunzi walikuwa wamesimama kusikiliza, Evodia akiwa miongoni mwao. Josia alimsukumia kitabu kifuani. “Mwambie mwalimu sikukisoma. Kiende Muleba. Kiende popote.”

Usiku ule Ildefons hakulala vizuri, na Ijumaa hakuinua uso darasani. Mwalimu alisema atakusanya majina ya wasomaji Jumatatu. Jumamosi asubuhi Ildefons aliingia kibanjani, akakaa juu ya majani yaliyoanguka, akafungua ukurasa aliokuwa ameukunja. Alisoma jinsi Tumari alivyolia, jinsi alivyoukata mti ili ugonjwa usiingie kwenye mizizi ya dunia, jinsi alivyouchoma moto upanga wake na kuuzika mti shimoni. Kisha zikafuata kurasa mia mbili za nchi tupu. Katika kurasa hizo Tumari hakupata muujiza wowote. Alisubiri, akatembea, akasubiri tena, mpaka alipoleta chipukizi moja safi kutoka mbali na kulipanda. Kitabu kiliisha chipukizi hilo likiwa na kivuli cha kumtosha mtoto mmoja.

Kilikuwa kigumu kuliko chochote alichowahi kusoma. Aliinuka, akamwendea baba yake.

“Taata, siyo jua.”

“Nimekwambia—”

“Siyo jua, Taata. Na wewe unajua.”

Mzee Rutaihwa aliinua mkono kana kwamba atampiga. Kisha mkono ukashuka. Alichukua panga, akaukata mgomba wa kwanza shinani. Majimaji mazito ya njano yalichuruzika polepole kwenye mkato. Baba aliyatazama, na Ildefons akaona machozi yakishuka ndevuni mwake.

“Nilijua tangu ule wa kwanza,” alisema. “Bwana shamba alitufundisha mkutanoni. Ng’oa mashina, yazike, choma panga moto kila ukitoka mgomba hadi mgomba. Nilisema nisipoutazama ugonjwa, hautakuwepo. Kumbe panga langu ndilo lililousambaza.”

Waling’oa jioni ile na Jumapili kutwa, wakilichoma panga moto kila mara. Walizika mashina ishirini na sita, ya migomba iliyonyauka na ya jirani zake. Jua likaingia hadi mlangoni mwa nyumba, mahali ambapo halikuwahi kufika.

Jumatatu Ildefons alisimama mbele ya darasa bila rula. “Nilidanganya,” alisema. “Sikuwa nimekimaliza. Nilimdanganya Josia kuhusu mwisho, na nyinyi niliwatukana. Josia ndiye wa kwanza kukisoma chote. Mimi ni wa pili. Nimemaliza juzi.”

Mwalimu Gaudiosa akamgeukia Josia. “Ni kweli umekisoma?”

Josia alimtazama Ildefons. “Ndiyo, mwalimu.”

“Ungewaambia nini wenzako?”

Josia alisimama, akatazama sakafu. “Kinasikitisha. Ni kirefu mno. Ukifika ukurasa wa mia tatu tisini na mbili utalia.” Akainua macho. “Usiishie hapo.”

Alikaa. Hakuna aliyecheka. Evodia alinyoosha mkono kutoka dirishani. “Nipe,” alisema. “Nitaanzia ukurasa wa kumi.”

Hivyo kitabu kikabaki. Vingine kumi na vinne viliondoka na sanduku mchana huo huo.

Jioni Ildefons alimsimulia baba yake yote, pamoja na uongo wake. Mzee Rutaihwa alikuwa amekaa mlangoni, akitazama ardhi tupu.

“Mwanangu,” alisema, “mimi na wewe tuliishia ukurasa mmoja. Mtu anayefunga macho mbele ya jambo gumu haliondoi. Analipa nafasi ya kukua, tena analisambaza kwa wenzake. Wewe ulimwumiza Josia, na mimi nimeliumiza shamba la baba yangu. Jambo gumu lisome hadi mwisho, kisha uwaambie watu ukweli wake.”

“Na shamba, Taata?”

“Litapumzika miezi sita, pengine zaidi. Tutapanda maharage. Baadaye tutatafuta miche safi, tuanze upya. Ni muda mrefu wa kukaa ukitazama udongo. Hicho kitabu kina kurasa ngapi?”

“Mia sita na arobaini.”

“Evodia akimaliza, kilete,” alisema baba. “Utanisomea. Na ukifika pale ulipokunja, usifunge.”